Kapita wa Tableti

Mji wa Kisangani umejengwa kando ya mto Kongo, mahali ambapo meli haziwezi kuendelea mbele. Meli na mashua kubwa hutoka Kinshasa zikiwa na chumvi, saruji, nguo na abiria. Hupanda mto kwa yapata kilomita 1,700, na safari huchukua siku nyingi. Zikifika Kisangani, hutia nanga. Hapo ndipo mwisho wa njia yao, kwa maana mbele kuna maporomoko ya Boyoma. Maporomoko hayo ni saba, nayo yameushika mto kwa mwendo wa kilomita 100 hivi, tangu Ubundu hata Kisangani. Maji hunguruma juu ya mawe mchana na usiku.

Lakini katika maji hayo hayo yanayoizuia meli, Wagenia hupita kwa mitumbwi yao. Hupiga makasia, hupenya katikati ya mawe, na kwenda kutazama mitego yao. Mitego hiyo ni vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye miti iliyosimamishwa ndani ya maji yaendayo kasi.

Je, mtumbwi ni bora kuliko meli? Hapana. Mtumbwi hauwezi kuchukua saruji ya mji mzima kutoka Kinshasa. Je, meli ni bora kuliko mtumbwi? Hapana tena. Meli ikiingia katika maji ya Wagenia itavunjika. Kila chombo kina maji yake.

Jambo hili ni kweli pia kwa vyombo vya siku hizi, na kimoja chao ni tableti. Watoto wengi wameiona tableti mikononi mwa mwalimu, muuguzi au mfanya biashara. Ni kompyuta nyembamba kama daftari. Haina kibodi ya kupiga kwa vidole kumi. Uso wake wote ni kioo, na mtu huitumia kwa kukigusa kioo hicho. Ndani yake mna kitu kisichoonekana, nacho ndicho kiifanyacho tableti iwe chombo chema au kibaya. Kitu hicho huitwa mfumo endeshi.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Fikiri bandari ya Kisangani siku meli inapofika. Wachukuzi ni wengi, mizigo ni mingi, na njia ya kushukia ni moja. Kama hakuna kapita, wote watakimbilia mlango mmoja. Huyu atamkanyaga yule, magunia yataanguka majini, na jioni itafika kazi haijaisha. Kapita akiwapo, yeye husema: "Wewe chukua gunia hili. Wewe ngoja. Wewe pumzika, utaitwa." Kapita mwenyewe huenda hachukui hata gunia moja, lakini pasipo yeye mizigo haifiki ghalani.

Ndani ya tableti mna betri, mna kumbukumbu ya kuweka maandishi na picha, mna kamera, na mna kipaza sauti. Tena mna programu nyingi: moja ya kusomea vitabu, moja ya kuandikia barua, moja ya kuhesabia. Kila programu inataka betri, kumbukumbu na kioo. Mfumo endeshi ndio kapita wao. Hugawanya kazi, huamua nani atangulie na nani angoje. Kapita huyu si mtu. Ni maagizo mengi mno yaliyoandikwa na mafundi, nayo mashini huyafuata bila kuchoka.

Basi, kama vile kapita wa bandari asivyofaa kuwa kapita wa shamba la kahawa, ndivyo mfumo wa kompyuta kubwa usivyofaa siku zote katika tableti.

JINSI WATU WALIVYOKOSEA, KISHA WAKAPATA

Kompyuta kubwa za mezani zilikuwapo kabla ya tableti. Zilikaa mahali pamoja, zikapata umeme kutoka ukutani, na watu walizitumia kwa kibodi na kwa kifaa kidogo kiitwacho kipanya. Mfumo wao mmoja uliojulikana sana ni Windows wa kampuni ya Microsoft huko Marekani.

Mwezi wa Novemba 2002 kampuni hiyo ilitoa Windows kwa ajili ya tableti. Mafundi waliuchukua mfumo wa kompyuta ya mezani, wakauongezea kalamu ya kuandikia juu ya kioo. Lakini mfumo ulibaki kama ulivyokuwa. Vitufe vyake vilikuwa vidogo, vimefanywa kwa ncha ya kipanya. Mashini zenyewe zilikuwa nzito na za bei kubwa, na betri ziliisha upesi. Watu wachache tu walizinunua. Ilikuwa kama kumvika mtoto kanzu ya baba yake. Kanzu ni nzuri, lakini mtoto anaikanyaga na kuanguka.

Wengine walishika njia nyingine. Hawakupunguza kompyuta kubwa, bali walikuza simu ndogo. Kampuni ya Apple ilikuwa imetoa simu ya kugusa kwa kidole mwaka 2007. Mwaka 2010 ilitoa tableti iitwayo iPad, nayo ilitumia mfumo uliotoka katika simu hiyo. Tangu mwaka 2019 mfumo wa iPad una jina lake, iPadOS.

Kampuni ya Google nayo iliutoa mfumo uitwao Android, na simu ya kwanza yenye mfumo huo iliuzwa mwaka 2008. Moyo wa Android huitwa Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland. Alikuwa kijana wa miaka 21. Hakuificha kazi yake. Aliwaonyesha watu maagizo aliyoyaandika, na mafundi wa nchi nyingi wakayasahihisha na kuyaongeza. Android pia, kwa sehemu kubwa, maagizo yake ni wazi. Fundi yeyote anaweza kuyasoma na kuyatumia.

Ndiyo maana hata ng'ambo ya mto Kongo, huko Brazzaville, kijana Verone Mankou aliweza kutoa tableti yake. Iliitwa Way-C, na ilianza kuuzwa mwaka 2012. Ilitengenezwa katika viwanda vya China, na mfumo wake ulikuwa Android. Hakulazimika kuandika mfumo mpya tangu mwanzo, kazi ambayo ingehitaji mafundi wengi na fedha nyingi sana.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Mfumo unaofaa tableti hujulikana kwa mambo matano.

1. Wafaa kidole. Kidole ni kinene kuliko ncha ya kipanya. Kwa hiyo vitufe viwe vikubwa, na visibanane. Watu wa Kisangani walikwisha kuona jambo hili. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 walipiga kura kwa mashini yenye kioo cha kugusa. Mpiga kura aliona picha za wagombea, akagusa aliyemtaka, na mashini ikachapa karatasi ya kutia sandukuni. Mashini hiyo ilizusha mabishano mengi katika nchi nzima. Lakini ilionyesha jambo moja: hata mtu asiyepata kushika kompyuta maisha yake yote alitakiwa aitumie kwa kidole chake mwenyewe. Kama kioo hakieleweki, mtu wa namna hiyo hushindwa. Kosa si lake, ni la aliyeupanga mfumo.

2. Hautapanyi nguvu za betri. Kompyuta ya mezani hula umeme wa ukutani. Tableti hubeba chakula chake mwenyewe. Mtazame kijana wa toleka, aendeshaye watu kwa baisikeli mjini Kisangani. Akipakia magunia mawili ya mihogo juu ya abiria, atachoka kabla ya kufika soko kuu. Mfumo mzito huichosha betri vivyo hivyo. Mfumo mwema hulaza programu zisizotumiwa, na kioo kikizimwa huacha kazi chache tu ziendelee. Ndani ya betri nyingi mna madini yaitwayo kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya ulimwengu huchimbwa kusini mwa Kongo, katika nchi ya Lualaba na Katanga. Mtu anayejua jasho la wachimbaji hawezi kufurahi kuona betri inaharibika upesi kwa sababu ya mfumo mbaya.

3. Huendelea na kazi pasipo intaneti. Mjini intaneti hupatikana, lakini katika vijiji vya msituni mara nyingi haipo, na mahali ilipo ni ghali. Mfumo na programu zake ziweze kuweka kazi ndani ya tableti, na kuipeleka baadaye, siku njia itakapopatikana.

4. Hufunga milango. Nyumba njema ina vyumba, na kila chumba kina ufunguo. Katika mfumo wa tableti, kila programu hukaa katika chumba chake. Programu ya mchezo haina ruhusa kufungua barua za mwenye tableti. Ikitaka kutumia kamera au kujua mahali mtu alipo, lazima mfumo umwulize mwenyewe kwanza. Mtoto akiulizwa hivyo, asiguse "ndiyo" kwa haraka. Asome kwanza, au amwulize mwalimu.

5. Hutengenezwa daima. Paa la nyasi huvuja likiachwa bila kuezekwa upya. Mfumo nao huonekana matundu baada ya muda, na wezi wa siri za watu huyatafuta matundu hayo. Kwa hiyo kampuni hutuma matengenezo. Siku matengenezo yakikoma, tableti haizimiki, lakini paa lake limeanza kuvuja. Tarehe 14 Oktoba 2025, mathalani, Microsoft ilimaliza muda wa matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa Windows 10, uliotolewa mwaka 2015.

WATOTO WA TANGA

Je, tableti yenye mfumo unaofaa yaweza kweli kuwasaidia watoto wa vijijini? Jambo hili lilijaribiwa katika mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, ambako tableti huitwa pia vishikwambi. Majaribio yalianza mwaka 2017 na kuchukua miezi 15. Karibu watoto 3,000, wa vijiji 170 hivi, walipewa tableti zenye mfumo wa Android. Ndani yake zilitiwa programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vijijini vilijengwa vituo vya kuchajia betri kwa nguvu za jua.

Kabla ya majaribio, katika kila watoto 100, zaidi ya 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Watoto wengi kati yao walikuwa hawajapata kwenda shule. Baada ya miezi 15, hesabu ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 zawadi ya mashindano hayo, yaitwayo Global Learning XPRIZE, iligawiwa vikundi viwili vya mafundi, Kitkit School na onebillion. Sharti mojawapo la mashindano lilikuwa kwamba maagizo ya programu yawekwe wazi, ili watu wa nchi nyingine nao wayatumie.

Angalia vizuri. Nusu walianza kusoma, lakini nusu nyingine bado. Tableti si mwalimu. Haioni mtoto aliyekuja na njaa, wala haimfariji anayelia. Ni chombo tu, kama kalamu na ubao. Lakini chombo kinachofaa mahali pake humsaidia mwalimu, na hata asiye na mwalimu hupata mahali pa kuanzia.

MUUGUZI NA DAFTARI LAKE

Sasa rudi Kisangani. Fikiri muuguzi anayetumwa kuchanja watoto katika vijiji vya mbali vya Tshopo. Anakwenda kwa pikipiki, kisha kwa mtumbwi. Sanduku la chanjo li begani, tableti i katika mfuko usioingia maji. Kijijini hakuna umeme wala intaneti. Akina mama wamepanga mstari tangu alfajiri.

Katika wizara ya afya ya Kongo hutumiwa programu iitwayo DHIS2. Programu hiyo ilianzia Afrika ya Kusini, na sasa inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, katika nchi ya Norwe. Inayo namna ya kutumiwa katika tableti za Android. Muuguzi huweza kuandika habari za wagonjwa na chanjo pasipo intaneti, nazo hukaa ndani ya tableti. Akirudi mahali penye intaneti, habari hizo hupelekwa.

Fikiri kwamba amewaandika watoto 80, mara mvua kubwa inashuka, na betri inaisha. Kama mfumo na programu hazikuweka maandishi mpaka mtu aagize, kazi ya siku nzima imepotea. Hapo muuguzi hajui tena ni mtoto yupi amechanjwa na yupi hajachanjwa. Mtoto asiyeandikwa huenda akasahauliwa, lakini ugonjwa wa surua haumsahau. Mifumo ya tableti na ya simu hupangwa ili programu iweze kusimamishwa wakati wowote, na programu iliyoandikwa vizuri huhifadhi kila jambo mara linapokwisha kuandikwa. Betri ikipata nguvu tena, majina 80 yako pale pale.

Hata hivyo muuguzi mwenye busara huandika pia katika kadi ya kila mtoto. Wagenia hawafungi mtego mkubwa kwa kamba moja.

BASI, MFUMO UPI UNAFAA?

Windows wa siku hizi umejifunza kuguswa kwa kidole. Unamfaa mtu anayetaka tableti ifanye kazi zote za kompyuta ya ofisi. Lakini tableti zake mara nyingi huhitaji nguvu zaidi na fedha zaidi.

iPadOS ni mwepesi kwa kidole, na Apple huutengeneza kwa miaka mingi. Lakini unapatikana katika iPad peke yake, na bei ya iPad ni kubwa kwa shule nyingi za Tshopo. Tena maagizo yake hayako wazi kwa mafundi wengine.

Android hupatikana katika tableti za bei nyingi, kubwa na ndogo. Una Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na programu nyingi za shule na za hospitali zimeandikwa kwa ajili yake. Kwa hiyo shule ya kijijini au zahanati hupata kwao chombo kinachofaa kwa Android, kwa maana unakubali uhaba wa fedha, wa umeme na wa intaneti. Lakini una hatari yake. Makampuni yanayouza tableti za Android ni mengi, na tableti nyingi za bei ndogo huachwa mapema bila matengenezo. Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji sokoni ataisifu rangi na wembamba wa tableti yake. Mnunuzi mwenye akili atauliza: "Mfumo wake ni wa mwaka gani? Utatengenezwa mpaka lini? Betri yake hukaa saa ngapi? Kazi yangu itaendelea pasipo intaneti?" Muuzaji asipojibu, mnunuzi aende duka jingine.

Meli hungoja bandarini Kisangani, na mtumbwi wa Mgenia huingia katika maji ya mawe. Hakuna anayeicheka meli, wala anayeudharau mtumbwi. Mwenye akili hutazama maji kwanza, ndipo achague chombo.

MASWALI

1. Kwa nini meli zitokazo Kinshasa hutia nanga Kisangani?
2. Mfumo endeshi unafanana na kapita wa bandari kwa jambo gani?
3. Tableti za Windows za mwaka 2002 zilikuwa na kasoro gani?
4. Taja mambo matano ya kutazama katika mfumo wa tableti.
5. Watoto wa Tanga walipata faida gani? Ni jambo gani ambalo tableti haiwezi kulifanya?
6. Kwa nini muuguzi huandika pia katika kadi ya mtoto?
7. Mwalimu wa kijiji kisicho na umeme anataka kununua tableti kwa shule yake. Andika maswali manne atakayomwuliza muuzaji.